Uzi wa Agosti: Kiangazi kinaaga huku Uswidi na roho inaniuma. Mnaoishi kwenye baridi mnafanyaje?

MjukuuWaNahodha (Stockholm) – 24 Agosti

Wakuu, habari za wikiendi.

Jana nimetoka kazini saa mbili na nusu usiku, nafika kituo cha basi nakuta taa za barabarani zimewaka. Mtu wa nyumbani atauliza ajabu iko wapi, usiku taa zisiwake? Ajabu ni kwamba mwezi wa sita saa hizohizo jua lilikuwa bado linanipiga kisogoni, watoto wako uwanjani na mpira wao, na mimi nabandika shuka jeusi dirishani ili nipate usingizi. Sasa taa zimewaka. Na kwenye mti ulio nyuma ya kituo kuna kitawi kimoja, kimoja tu, kimeshageuka njano. Tumbo likanikata kama mtu aliyeitwa na bosi bila kuambiwa kosa lake.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja huku na kitawi hicho bado sijakizoea.

Kwa ambao hamjakaa huku: Juni jua linachomoza saa tisa na nusu za usiku na linazama saa nne usiku. Desemba linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi, na saa tisa alasiri haijafika limeshazama. Katikati hapo haliondoki taratibu kama mgeni mstaarabu. Kuanzia sasa siku inapungua dakika tano hivi kila siku, wiki moja umepoteza zaidi ya nusu saa. Sisi tuliokulia Tanga saa yetu yenyewe imefungwa kwenye jua. Saa kumi na mbili linatoka, saa kumi na mbili linazama, mwaka mzima ni kupishana dakika chache tu. Nikimwambia mama kwenye simu kwamba ni saa kumi alasiri na giza limeshaingia, anadhani nimesahau kuhesabu saa za kwetu.

Mwaka wangu wa tatu ulikuwa mbaya. Likizo ya Julai ilipita vizuri, nchi nzima inafunga maofisi watu wanakwenda ziwani, na mimi nilikuwa nao. Agosti shule zikafunguliwa, nikaanza kulala. Natoka kazini nalala, naamka nakula mkate, nalala tena. Septemba nikaacha kupokea simu za nyumbani kwa sababu sikuwa na la kusema. Oktoba nilikata tiketi ya kwenda Dar ya mwezi wa pili, na kuanzia hapo kazi yangu ikawa kuhesabu siku zilizobaki. Nilikuwa na programu kwenye simu inayonihesabia. Siku 112. Siku 111. Ukiniuliza Novemba ile nilifanya nini, sikumbuki hata kitu kimoja. Nilikuwa mtu anayeishi miezi mitatu kwa mwaka, ile tisa nimekaa kwenye benchi nasubiri.

Aliyenitoa benchi ni bibi mmoja. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwapa dawa, kuwaogesha, kuwapashia chakula. Huyu wakati huo alikuwa na miaka 84, macho yameanza kufifia, mdomo haujafifia hata kidogo. Agosti moja naingia kwake nimenuna, akaniuliza nina nini, nikamwambia kiangazi kimekwisha. Nilitarajia pole. Akaniuliza: "Umeshachuma lingon?" Kwa sauti ileile ambayo mtu angekuuliza kama umeshalipa kodi ya nyumba.

Lingon ni vitunda vyekundu vidogo vinavyoota chini msituni, vinaiva mwisho wa Agosti na Septemba. Huku kuna haki inayoitwa haki ya kila mtu: unaruhusiwa kuingia msitu wa yeyote ukachuma matunda ya mwituni na uyoga, ilimradi usikaribie nyumba za watu wala usikanyage mashamba. Hata mimi, mtu wa juzi, msitu wa tajiri nachuma bure. Nilikuwa nimekaa miaka nisijue.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda. Alikuwa amenielekeza nitafute misonobari kwenye ardhi kavu yenye mwanga, nisiingie kule kwenye giza na matope. Nikarudi na ndoo ndogo. Kesho yake naipeleka kwake kumwonyesha, akaitia mkono ndani mpaka kwenye kifundo, akafumba macho, akainusa. Halafu akavuta sinia akaanza kutoa majani na vijiti. Mwanamke asiyeona maandishi ya gazeti! Vidole vinakwenda kama vya mama zetu wakichambua mchele, na mimi mwenye macho mawili niko nyuma. Huku anasema: hizi leo, wiki ijayo uyoga, ikianguka sakitu ya kwanza, ule umande ulioganda, tutafunga madirisha ya baridi, Desemba mishumaa, mwezi wa pili keki za krimu zinazoliwa kabla ya Kwaresima, tarehe 30 Aprili moto mkubwa wa kukaribisha joto. Nikagundua huyu mama hana nafasi ya kuomboleza kiangazi. Ana kazi.

Nikiwa kwenye basi kurudi nikamkumbuka babu. Alikuwa nahodha wa mashua ya mizigo kati ya Tanga na Pemba. Sikuwahi kumsikia akisema kusi, upepo wa kusini, ni mbaya na kaskazi, ule wa kaskazini, ni nzuri. Kaskazi ina safari zake. Kusi ikikaza, Juni na Julai, mashua inavutwa juu, inalazwa ubavu, watu wanakalafati (wanaziba nyufa), wanapaka deheni ya chokaa na mafuta chini na sifa, yaani mafuta ya papa, juu, na harufu ya hayo mafuta inakaa kwenye nguo zako wiki nzima. Sisi watoto tulizipenda siku hizo kuliko zote kwa sababu babu alikuwa nyumbani. Mimi huku nilikuwa na kazi ya kiangazi tu, kuota jua. Vuli yao sikuwa nimeitafutia kazi yoyote, ndiyo maana ilikuwa inanikalia kifuani.

Na kilichonichekesha: wiki hizihizi ambazo mimi nalia na kitawi cha njano, kule kwetu kusi inalegea na demani inaingia. Bahari inatulia, watu wanashusha vyombo. Siku ileile ya kalenda!

Sasa msidhani nimepona. Jana nimewaambia tumbo lilikata. Ila halikati mpaka chini kama zamani. Nataka kusikia wenzangu mlio kwenye baridi, na hata msio kwenye baridi. Karibuni.

---

KaskaziTu (Dar) – 24 Agosti

Mkuu, mimi ndugu yako nipo Mbagala, januari natandika mkeka sakafuni nalala na feni usoni, umeme ukikatika namwita Mungu kwa majina yote. Halafu wewe unalia umepungukiwa na joto. Njoo tubadilishane hati za kusafiria.

---

MamaMapacha (Minnesota) – 24 Agosti

Woi, umenigusa. Mimi Mkenya, niko huku miaka kumi na minne. Kwetu hakuna haja ya kuangalia majani. Kuna maonyesho makubwa ya jimbo, siku kumi na mbili, watu wanakula kila kitu kilichochomekwa kwenye kijiti, yanaisha ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba ambayo ni sikukuu ya wafanyakazi. Jumanne yake watoto wanaingia kwa basi la shule na mimi nakaa kwa gari nalia. Nalia kabisa, na kahawa mkononi. Mwaka wa kwanza nilidhani nalilia watoto. Haikuwa watoto.

Kitu kilichonisaidia ni cha kipuzi. Chama chetu cha akina mama kilikuwa kinakutana mwezi wa saba, wakati kila mtu ana harusi, ana wageni, ana safari. Watu hawaji. Tukaamua tukihamishe, mkutano mkubwa uwe Januari, ule mwezi wa kukata tamaa, digrii ishirini na tano chini ya sifuri. Sasa kuanzia Novemba kuna mtu anapigia simu mwingine: nani analeta mukimo, nani analeta chapati, nani ana nyumba yenye nafasi ya kuegesha magari thelathini kwa theluji. Nikwambie ukweli, mwaka jana nilijikuta nasubiri Januari. Mimi!

Na mzee wangu, mtu wa Kisumu, amejua kuvua juu ya barafu. Ziwa linaganda mpaka watu wanaendesha gari juu yake. Anatoboa shimo, anakaa kwa kibanda na hita ndogo, anarudi na samaki wawili na hadithi kumi. Anasema ngege hawakuwahi kumpa heshima kama hiyo.

---

NguvuMoja – 25 Agosti

Kwa heshima zote, haya ni matatizo ya walioshiba. Huku watu wanawaza ada za shule, nyinyi mnawaza majani yamekuwa njano. Mtu mzima analilia jua? Piga kazi, tuma pesa nyumbani, maliza.

---

MjukuuWaNahodha – 25 Agosti

@NguvuMoja sikukatalii. Ila pesa nilikuwa natuma mwaka ule wote, hakuna mwezi uliorukwa. Ndiyo maana nyumbani hakuna aliyejua. Risiti zilikuwa zinafika, mtu alikuwa hafiki.

---

NesiWaZamu (Leeds) – 25 Agosti

Naomba niingie hapo, maana ndugu NguvuMoja anachokisema ndicho kinachofanya watu wachelewe kuja kwetu.

Kuna huzuni ya kawaida ya msimu, ile ya mleta uzi ya jana kituoni, na kuna sonona ya msimu ambayo ni ugonjwa. Iliandikwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani. Na sikilizeni hii: Rosenthal alizaliwa Johannesburg. Alihamia New York akashangaa mwenyewe jinsi majira ya baridi yalivyokuwa yanamlaza na masika ya huko yanavyomwamsha. Mwafrika wa kusini ndiye aliyeona walichokizoea wenyeji. Kwa hiyo tusiseme ni mambo ya Wazungu.

Dalili ni zilezile alizozitaja mkuu katika mwaka wake wa tatu: kulala sana na bado umechoka, hamu ya wanga (mkate, tambi, vitu vitamu), kujitenga, kukosa raha na vitu uliokuwa unavipenda. Ikirudi kila mwaka majira yaleyale, ikakaa wiki na wiki, nenda kwa daktari. Na kama unafika mahali unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje miadi, tafuta msaada siku hiyohiyo, mwambie mtu aliye karibu nawe.

Kinachotendeka kwa ufupi: mwanga unaoingia machoni asubuhi ndio unaouambia ubongo uache kutoa melatonini, homoni ya usingizi, na upange saa ya mwili. Mwanga ukichelewa, saa inayumba. Kuna taa maalumu za tiba, nguvu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), unakaa mbele yake dakika 20 hadi 30 asubuhi, huhitaji kuikodolea macho. Sebule yako yenye taa za kawaida haifiki hata laksi 500. Lakini nje, hata siku ya mawingu mazito, mchana mwanga ni mwingi mara kadhaa kuliko ndani. Kutembea saa sita mchana ni bure. Wenye matatizo ya macho au wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi msinunue taa kabla ya kumwona daktari, inaweza kuwapandisha vibaya.

Vitamini D ni suala la pembeni lakini linatuhusu kuliko wenzetu. Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na huku majira ya baridi jua liko chini mno. Hapa Uingereza ushauri ni mikrogramu 10 kwa siku kwa kila mtu kipindi cha baridi, na kwa wenye ngozi kama zetu waifikirie mwaka mzima. Ni kwa ajili ya mifupa na misuli, msiitarajie ifukuze huzuni peke yake.

---

MjukuuWaNahodha – 25 Agosti

Nesi asante sana. Kuhusu taa niwape onyo la gharama zangu. Ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa bei ya kutupa, picha yake kubwa, imefika nikakuta ni ya ukubwa wa sahani ya chai. Nikakaa mbele yake wiki mbili nikitegemea muujiza, ilikuwa haina tofauti na taa ya kusomea. Angalieni laksi, na angalieni ni kwa umbali gani, maana wengine wanaandika 10,000 halafu kwa maandishi madogo wanasema uweke pua kwenye kioo.

Kule Umeå, kaskazini kwetu, mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji ule iliondoa matangazo kwenye vituo kadhaa vya basi ikaweka taa za namna hiyo. Unasubiri basi unapigwa mwanga. Nilipoisikia nilicheka, baadaye nikaona aliyewaza hivyo lazima alishawahi kusimama kituoni Novemba.

---

MtuWaMtrah (Muscat) – 26 Agosti

Nyie mnanishangaza. Sisi huku Omani kiangazi kikitoka tunasujudu. Digrii arobaini na tano, usukani wa gari unaushika kwa taulo, mafundi wa nje serikali imewakataza kazi mchana kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Wenye uwezo wanakimbilia Salalah, kule kusi ya Bahari ya Hindi inagonga milima na kuleta manyunyu, kila kitu kijani kama Pemba. Babangu mzee kaondoka Unguja miaka ya sitini, akifika Salalah wakati huo anashusha kioo cha gari analia hadharani.

Lakini nami nikwambie siri. Kuna kitu cha kiangazi nakililia. Rutabu. Tende kabla hazijakauka, nusu yake laini kama asali, nusu bado inakatika menoni. Inakuja na joto lilelile linalotuua, na joto likipungua nayo inakwisha. Wiki ya mwisho ya Agosti nazunguka soko la Sib kama mtu aliyepoteza mtoto, natafuta kapu moja la mwisho. Mke wangu ananiuliza, wewe si ndiye uliyekuwa ukilaani joto? Namwambia nyamaza, kula.

---

ViaziMviringo (Makete) – 26 Agosti

Mnaongea baridi mpaka ng'ambo wakati sisi tupo. Makete Juni na Julai sakitu inaanguka, ukiamka asubuhi majani ya viazi yamekuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Bondeni ndiko inakochoma zaidi, kwa hiyo mwenye akili msimu huo analima kwenye mteremko. Jioni hakuna anayekaa kwake peke yake. Watu wanafuata jiko. Ukiona nyumba haitoi moshi unatuma mtoto akaulizie.

@NguvuMoja, hayo siyo mambo ya kushiba. Bibi yangu mwezi wa saba alikuwa anakuwa mkimya kabisa, tulikuwa tunasema baridi imemwingia. Hakuna aliyemcheka. Mvua za Novemba zikianza, maua ya uwanda wetu wa Kitulo yakichanua, ndiyo anaanza tena kutuchapa.

---

NguvuMoja – 26 Agosti

Haya, ya kuulizia moshi nimeielewa. Naondoa neno langu nusu.

---

KaskaziTu (Dar) – 26 Agosti

Nusu nyingine unaiweka akiba?

---

MsafiriWaMbali (Norwei) – 27 Agosti

Wakuu huku kuna mji unaitwa Rjukan, uko chini bondeni, milima imeuzunguka. Kuanzia Septemba mwishoni mpaka Machi jua haliwagusi kabisa. Linapita juu, wanaliona kwenye vilele, lenyewe haliwafikii. Mwaka 1928 wenye kiwanda waliwajengea gari la kamba la kuwapandisha mlimani wakaote jua. Halafu mwaka 2013 wakafunga vioo vitatu vikubwa kule juu, vinalifuata jua na kulirusha chini kwenye uwanja wa mji. Nilipita pale Februari. Si mwanga mkubwa, ni kama mkeka mmoja wa jua katikati ya uwanja, na ndani yake wazee wamekaa kwenye viti wamefumba macho.

Mimi ninakoishi ni kaskazini zaidi, Tromsø, ambako mwisho wa Novemba jua linaaga mpaka katikati ya Januari. Likirudi, watoto wa shule wanapewa maandazi ya jamu, siku nzima ni ya kula maandazi. Nilipofika nilisema hawa ni wendawazimu. Sasa hivi mimi ndiye ninayeyapika ya kikwetu yenye iliki na kuyapeleka kazini, na yanaisha kabla ya yale yao.

---

MzeeWaPangani – 28 Agosti

Nimesoma wote. Mjukuu wangu umesema vizuri habari za babu yako lakini nikusahihishe mawili, usije ukawafundisha watoto wa huko kombo.

La kwanza, mashua haivutwi juu kwa sababu ya kusi peke yake. Unangoja bamvua, maji yajae mpaka mwisho, unaipandisha nayo, yakitoka imebaki juu. Kazi unaifanya mpaka bamvua ijayo ije iishushe. Asiyejua hesabu ya maji chombo kitamkalia nchi kavu.

La pili ni hayo maneno. Mnasema vuli mkimaanisha majani yanapukutika. Hiyo ni vuli ya vitabuni, wameliazima neno letu wakalivisha koti. Vuli ya kwetu ni mvua, Oktoba mpaka Desemba, na majani hayapukutiki, yanachipua. Huyo Nesi naye kasema masika ya New York. Masika, mama yangu! Masika yale ya mvua za Machi mpaka Mei, na mbu wake? Waswahili tulikwisha sema hakuna masika yasiyokuwa na mbu. New York wana mbu?

Sisi mwaka wetu wa bahari tuliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, tangu siku ya Nairuzi, mwaka mpya wetu. Mtu alijua mwongo gani unapanda nini, mwongo gani hutoki pwani. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi, yakakaa yakiuza tende na mazulia na kununua boriti, yakaondoka na kusi. Sijapata kusikia nahodha wa Kiarabu aliyekasirika kaskazi ilipokufa. Ingeendelea kuvuma angerudi vipi kwa wanawe?

---

NesiWaZamu – 28 Agosti

Shikamoo mzee. Nimekubali kosa. Hapa Leeds masika yapo mwaka mzima, tumekosa mbu tu.

---

MamaMapacha – 28 Agosti

Minnesota mbu tunao, wakubwa kama kuku. Mzee aje achukue.

---

MjukuuWaNahodha – 29 Agosti

Shikamoo mzee wangu, na asante. La bamvua nililisahau kabisa. Sasa nakumbuka babu akitutuma tukaangalie maji yamefika wapi kwenye mnazi ulioinama, tunarudi mbio tunagombania nani aseme.

---

KaskaziTu (Dar) – 4 Novemba

Mleta uzi uko hai? Huku vuli (ya mzee, siyo ya vitabuni) imeanza, bonde la Jangwani limeshajaa maji. Tupe taarifa.

---

MjukuuWaNahodha – 5 Novemba

Nipo, mkuu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zilirudishwa nyuma, kwa hiyo ile saa moja ya mwanga wa jioni tuliyokuwa tunajidanganya nayo imetoka. Natoka kazini giza, naingia kazini giza. Wiki iliyopita nilikuwa na siku tatu mbaya, nikalala jioni saa mbili, simu nikaizima. Siku ya nne nikaiwasha kwa sababu nilikuwa nimepanga zamu ya kupika na jamaa wawili wa Kigoma, na ukikosa zamu yao utasikia maneno mpaka Pasaka. Taa nawasha kila asubuhi nikinywa chai. Saa sita nashuka kwenye basi vituo viwili kabla, natembea.

Lingon mwaka huu nimepata ndoo mbili. Bibi sasa ana miaka 91, macho karibu hayapo, bado ndiye anayetoa majani na mimi ndiye ninayegombezwa. Hazipikwi. Unazisaga mbichi na sukari, unafunga chupa, zinakaa miezi mpaka msimu mwingine, maana zina tindikali yake ya asili inayozuia kuoza. Nilizidisha sukari. Akaonja, akaweka kijiko chini, akasema nimetengeneza peremende.

Kwenye kabati lake kuna chupa zimepangwa na kila moja ina karatasi ya mwaka. Aliniambia niandike ya mwaka huu kwa kuwa yeye haoni tena mstari. Nikaandika mwaka, nikamuuliza niongeze nini. Akasema andika jina lako, ili wakiniuliza kwa nini ni tamu hivi nijue wa kumlaumu.

---

ViaziMviringo (Makete) – 5 Novemba

Hiyo inaliwa na nini?

---

MjukuuWaNahodha – 5 Novemba

Wao wanakula na samaki wadogo wa kukaanga na viazi vya kuponda. Mimi nyumbani nakula na ugali na dagaa wa Kigoma walioletwa na hao jamaa. Msinicheke mpaka mjaribu.

---

MzeeWaPangani – 6 Novemba

Tunacheka kwanza. Kisha utatuletea chupa moja tujaribu. Njoo na kaskazi.